Somo la Mwezi: Tarishi Aliyemwua Waziri Mkuu

Someni kwanza: Waamuzi 3:12–30, 1 Samweli 24, Yohana 18:1–11.



Somo la mwezi huu ni zito, nami naliandika kwa sababu nina deni. Zamani nikiwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo mtihani wenye swali hili: "Eleza sababu iliyomfanya Dimitri Tsafendas amwue Dr. Verwoerd." Jibu lililokuwa katika kumbukumbu zangu za kufundishia lilikuwa fupi: mtu yule alikuwa mwendawazimu, akiamini kwamba ana mnyoo mkubwa tumboni. Mwanachuo mmoja aliandika jibu jingine. Alisema kwamba Tsafendas alizaliwa Msumbiji, kwamba mama yake alikuwa na damu ya Kiafrika, na kwamba alimwua Verwoerd kwa kuchukia ubaguzi wa rangi. Habari hizo alizipata kwa mjomba wake aliyewahi kufanya kazi Lourenço Marques. Nilimpa sifuri kati ya alama nne, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Usibuni."

Leo najua kwamba aliyestahili wino mwekundu ni mimi. Basi na tujifunze pamoja.

1. Aliyeuawa

Hendrik Verwoerd alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1901, akaletwa Afrika ya Kusini angali mtoto mdogo. Alikuwa msomi, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Mwaka 1950 alifanywa Waziri wa mambo ya Waafrika, na mwaka 1958 akawa Waziri Mkuu. Ubaguzi wa rangi haukuanza naye, lakini yeye aliupanga ukawa mfumo kamili. Sisi walimu tunamkumbuka hasa kwa sheria ya elimu ya mwaka 1953, iliyokusudia mtoto wa Kiafrika afundishwe kiasi cha kumtumikia Mzungu tu, asitazame mbele zaidi ya hapo.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi watu waliokuwa wakipinga sheria za pasi huko Sharpeville, wakafa 69. Siku chache baadaye, tarehe 9 Aprili 1960, mkulima tajiri wa Kizungu aitwaye David Pratt alimpiga Verwoerd risasi mbili usoni katika maonyesho mjini Johannesburg. Verwoerd alipona. Pratt alisema alikuwa akiupiga ubaguzi wa rangi wenyewe. Mahakama ilimwona hana akili timamu, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Bloemfontein, akafia huko mwaka 1961.

Iwekeni habari hiyo ya Pratt moyoni, maana tutairudia.

2. Aliyeua

Dimitri Tsafendas alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo, mwezi Januari 1918. Baba yake alikuwa Mgiriki, na mama yake, Amelia Williams, alikuwa chotara wa Msumbiji aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa baba huyo. Hawakuoana. Mtoto alipelekwa Misri kulelewa na bibi yake mzaa baba, kisha akarudishwa kwa baba aliyekuwa amekwisha oa mke mwingine. Kwa muda fulani alisoma Transvaal, katika shule ya watoto wa Kizungu. Ukweli juu ya mama yake alifichwa, akaujua alipokuwa mkubwa kidogo.

Alipokuwa kijana alivutwa na siasa za kikomunisti, jambo lililomtia mashakani kwa serikali ya Wareno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa baharia. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhamahama: Marekani, Ugiriki, Ureno, Ujerumani, Uingereza, Uturuki na kwingineko. Alijifunza lugha nyingi. Mara alifungwa, mara alifukuzwa, mara alilazwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Kwa miaka mingi Wareno walimkatalia asirudi Msumbiji alikozaliwa. Alipata ruhusa mwaka 1963, na mwaka 1965 akaingia Afrika ya Kusini.

Huko aliandikishwa kuwa Mzungu. Alipotaka kumwoa mwanamke aliyehesabiwa kuwa chotara, sheria ilimzuia, kwa kuwa serikali ile ilikataza ndoa za namna hiyo. Aliomba abadilishwe aandikwe chotara. Fikirini, wapendwa: mtu anaomba ashushwe daraja katika nchi ambayo kila mtu alitamani kupandishwa! Maombi hayo peke yake yangetutosha kutambua kwamba mtu huyu alikuwa na fikira zake juu ya sheria zile.

Mwezi Agosti 1966 alipata kazi ya muda ya utarishi katika Bunge mjini Cape Town. Wakati huo huo amri ya kumfukuza nchini ilikuwa imekwisha kutolewa katika ofisi nyingine, ila haikutekelezwa. Tarehe 6 Septemba alinunua visu. Mchana ule, Bunge lilipokuwa likianza kikao, alimwendea Verwoerd mahali pake. Waliomwona walidhani tarishi analeta ujumbe. Alimchoma kisu mara nne, na Verwoerd akafa, zikiwa zimebaki siku mbili tu atimize miaka 65.

3. Je, ni wazimu?

Mwezi Oktoba 1966 Tsafendas alifikishwa mbele ya Jaji Andries Beyers. Wanaokumbuka sheria watajua kwamba swali lililosikilizwa halikuwa "Kwa nini uliua?" bali "Je, mtu huyu ana akili za kutosha kushtakiwa?" Madaktari walieleza habari za mnyoo ambao alisema unamtawala. Jaji alikubali kwamba ni mgonjwa wa akili, hawezi kushtakiwa. Kesi ilikwisha kwa siku chache tu. Tangu siku hiyo vitabu vingi, na kumbukumbu zangu za kufundishia pia, vikaandika neno moja: mnyoo.

Lakini zipo karatasi nyingine. Baada ya kukamatwa Tsafendas alitoa maelezo kwa polisi, nayo yamehifadhiwa. Humo alisema kwamba alichukizwa na siasa ya ubaguzi, na kwamba alitumaini kifo cha Waziri Mkuu kingeleta mabadiliko. Mnyoo hakuutaja humo. Mwaka 2018 mtafiti Harris Dousemetzis alitoa kitabu kikubwa juu ya maisha yake, akionyesha kwa ushahidi mwingi kwamba mtu huyu alikuwa na msimamo wa siasa tangu ujana wake. Hata mapadre wa Kiorthodoksi waliomtembelea uzeeni wamesimulia kwamba alikwenda kuua kwa ajili ya siasa.

Sasa sikilizeni kanuni tatu nilizokuwa nikiwafundisha wanachuo, ingawa mwenyewe sikuzifuata. Tunapotafuta nia ya mtu tuulize: Kwanza, yeye mwenyewe alisema nini, hasa mara ya kwanza? Pili, maisha yake kabla ya siku ile yalielekea wapi? Tatu, maelezo tuliyopewa yanamfaa nani?

Swali la tatu ndilo lenye nguvu. Kama Tsafendas alikuwa mwendawazimu, basi hakuna aliyeikataa siasa ya Verwoerd kiasi hicho. Ni bahati mbaya tu, kama jiwe lililoanguka kutoka mlimani. Na Pratt naye, miaka sita kabla yake, alikuwa mwendawazimu. Wazungu wawili katika vitabu vya serikali walimwendea mtu yule yule kwa silaha, na kila mara jibu likawa ni ugonjwa. Serikali haikulazimika kujiuliza kama kuna jambo katika sheria zake linalowasha watu moyo. Wakili aliyemtetea naye alikuwa na sababu njema ya kutumia jibu hilo, kwa kuwa lilimwokoa mtu wake na kitanzi.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili na kusema kwamba alikuwa mzima kabisa. Kulazwa kwake hospitalini nchi mbalimbali si hadithi. Wapo wanaosema alijifanya mgonjwa ili apate chakula na malazi, au asifukuzwe. Wapo wanaosema aliugua kweli. Mimi naona mtu anaweza kuwa na akili iliyojeruhiwa na bado akajua kwamba dhuluma ni dhuluma. Nimewahi kukaa na wagonjwa wa namna hiyo katika mtaa wetu, na ninyi pia. Hatusemi kwamba njaa ya mgonjwa si njaa kwa sababu yeye ni mgonjwa.

4. Kuelewa si kuhalalisha

Hapa mtaniuliza, "Mwalimu, unataka tumsifu mwuaji?" La. Mwenye kueleza jinsi moto ulivyoanza hajasema kwamba moto ni mwema. Sisi Tanzania tunajua uchungu wa jambo hili, maana Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Kila anayeuawa ana watu wanaomlilia. Verwoerd naye aliacha mjane na watoto.

Maandiko hayatupi jibu jepesi. Ehudi alimwua Egloni mfalme wa Moabu kwa upanga alioficha pajani, naye anahesabiwa miongoni mwa waokozi wa Israeli. Lakini Daudi alimkuta Sauli pangoni, adui yake aliyekuwa akimwinda kila siku, akakata pindo la vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Petro alipochomoa upanga bustanini, Bwana wetu alimwamuru aurudishe alani. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani, aliyenyongwa tarehe 9 Aprili 1945 kwa kushirikiana na waliotaka kumwondoa Hitler, hakudai kwamba mikono yake ni safi. Aliona kwamba mtu anayechukua njia ile anachukua pia hatia, na lazima aipeleke mbele za Mungu.

Tutazame pia matokeo. Baada ya Ehudi nchi ilistarehe miaka 80. Baada ya Tsafendas nchi haikustarehe hata siku moja. Aliyeshika nafasi ya Verwoerd alikuwa John Vorster, Waziri wa Sheria, mtu wa polisi na magereza. Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi mwaka 1977, chini ya Vorster huyo. Uchaguzi wa watu wote haukufika mpaka Aprili 1994. Kisu kilimwondoa mtu, lakini sheria zilibaki mezani.

Wazee wetu wa Masasi walimfahamu mtu aliyepigana na Verwoerd kwa njia nyingine. Askofu Trevor Huddleston alitumika Sophiatown tangu 1943 mpaka 1956, kisha akawa Askofu wetu kuanzia 1960 mpaka 1968. Mimi nilikuwa mtoto wa shule alipoondoka, nakumbuka urefu wake na kanzu yake tu. Shirika lake la watawa lilikuwa na shule ya Mtakatifu Petro, Rosettenville. Sheria ya elimu ilipokuja, waliona heri shule ifungwe kuliko kuikabidhi ifundishe utumwa. Kisha alisema na kuandika, akawaamsha watu Uingereza na duniani, mpaka akaona uchaguzi ule wa 1994 kwa macho yake kabla ya kufa mwaka 1998. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na wengi walikufa njiani. Sisemi ilikuwa rahisi.

5. Mwisho wake

Tsafendas hakunyongwa. Alikaa zaidi ya miaka 20 katika gereza kuu la Pretoria, karibu na mahali pa kunyongea, akisikia wengine wakipelekwa. Baadaye alihamishiwa gereza la Zonderwater, na mwaka 1994 hospitali ya Sterkfontein. Serikali aliyoichukia iliondoka, ikaja nyingine ambayo yeye angeweza kuifurahia, lakini hakufunguliwa. Alikufa mwezi Oktoba 1999, mwenye miaka 81, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyekwisha kuitwa mwendawazimu: hata wenye kumwonea huruma hawakumbuki kumwuliza neno.

Na deni langu? Miaka michache iliyopita nilikutana na yule mwanachuo kwenye mazishi ya mwalimu mwenzetu. Sasa ni mkuu wa shule, na mvi zimemwingia. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Nilipoitikia nilimweleza kosa langu, nikamwomba radhi. Alicheka, akasema, "Basi, Mwalimu, nirudishie alama zangu nne." Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba tangu mtihani ule hakuandika tena jibu ambalo halikuwa katika kumbukumbu za mkufunzi. Hayo ndiyo yaliyoniuma, na yananiuma hadi leo.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

(a) Je, kuna mtu katika mtaa wetu ambaye tumekwisha mpa jina, "kichaa", "mchawi" au "mkorofi", ili tusisikilize anachosema?
(b) Linganisheni Ehudi na Daudi. Nini kilimzuia Daudi?
(c) Mtoto wako anapojibu tofauti na ulivyotarajia, unamwuliza kwanza amelipata wapi jibu hilo, au unachukua wino mwekundu?

Na tuombe: Ee Bwana, wewe wajua mioyo ya wote. Utupe subira ya kusikiliza kabla ya kuhukumu, uwahurumie waliouawa na walioua, na uiponye nchi yenye dhuluma kabla mtu hajashika kisu. Amina.

Mwalimu mstaafu