Wataalamu Wangu Wanabishana Kabla ya Kukutana

“Nimejitolea kuandaa warsha ya siku mbili hapa Tukuyu kuhusu kupima ugumu wa vitu kwa kubonyeza. Nimealika mhandisi wa vyuma, fundi wa maabara ya barabara, bwana shamba wa parachichi na daktari wa meno. Mhandisi anauliza tunda linaingiaje kwenye habari za chuma. Bwana shamba anauliza posho. Mkuu wangu anataka mgeni rasmi na mada kumi na mbili. Nifute?” – Mwalimu, Makandana

Mwalimu, pole na majukumu. Usifute. Futa mada tisa kati ya hizo kumi na mbili.

Nianze na mhandisi wako, maana huyo ndiye aliyekuvunja moyo. Mkumbushe kwamba mwaka 1900 Msweden Johan August Brinell alichukua gololi ya chuma, akaigandamiza kwenye chuma kingine kwa nguvu inayojulikana, kisha akapima upana wa bonyeo. Bwana shamba hufanya jambo la ukoo huohuo: anamenya ganda kidogo, anasukuma ncha ya kifaa kwenye nyama ya parachichi na kusoma nguvu iliyotumika. Fundi wa barabara anadondosha nyundo ya kilo 8 kutoka urefu wa milimita 575 ili koni izame ardhini. Wanaochunguza meno hubonyeza jino lililong'olewa kwa piramidi ndogo ya almasi. Wote wanne wanafanya kazi moja, ila kila mmoja amejifungia kwenye maabara yake.

Ugomvi wa kweli uko kwenye namba, na huo uuache utokee. Kwa mtu wa chuma, namba kubwa ya Brinell ni ugumu. Kwa fundi wa barabara ni kinyume: anahesabu milimita kwa kila pigo, hivyo namba ikikua udongo ni laini. Weka watu hawa meza moja bila kulisema hilo, watabishana hadi jioni kila mtu akiwa sahihi. Kwa hiyo asubuhi yote ya kwanza iwe ya vifaa mkononi: kila mtaalamu abonyeze kitu, asome namba, aeleze maana yake. Asiyebonyeza kitu asiruhusiwe kuwasha projekta.

Vitu vya kubonyeza usiviagize mbali. Jembe la dukani, kipande cha mbao ya msindano, maparachichi ya viwango tofauti vya kuiva, na kiwanja nyuma ya darasa. Halafu wabadilishane. Mhandisi apime tunda, bwana shamba ashike nyundo ya barabara. Mhandisi atafundisha kwamba bonyeo likikaribia ukingo, au bonyeo la awali, kipimo kinadanganya. Kwa Brinell, kutoka katikati ya bonyeo hadi ukingoni huachwa angalau mara mbili na nusu ya upana wake. Kanuni hiyo itamfaa sana mtu wa parachichi. Naye atamwonyesha mhandisi kitu kinachobadilika ugumu kila siku, na kumweleza kwamba ugumu unasema tunda limeiva kiasi gani, ilhali ukomavu wa kuvuna hupimwa kwa kiasi cha nyama kinachobaki ikikaushwa.

Mashine nzito za maabara usizipandishe Tukuyu. Andikia mapema Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, uliza kama wanaweza kuwapokea siku ya pili. Ni kilomita kama 70 tu, Coaster moja inatosha. Na tafadhali, usipange Aprili. Unaijua mvua ya Rungwe kuliko mimi, na udongo wenu wa majivu ya volkano ukilowa hautatoa namba uliyoitoa ukiwa mkavu.

Posho: bwana shamba hana tamaa, ana shamba linalomsubiri. Barua ya mwaliko itaje wazi nauli, chakula na malazi, au iseme hakuna. Kinachoharibu shughuli zetu ni kunyamaza hadi siku ya kufunga, ndipo watu waanze kunong'ona nje ya ukumbi.

Mgeni rasmi aje saa ya mwisho, agawe vyeti, na apewe parachichi alibonyeze mbele ya kamera. Mkuu wako ataridhika.

Barua ziandike wiki hii, Mwalimu. Ya bwana shamba itangulie.