Leza kwa mawe ya Gede?

SWALI: Mimi ni fundi mwashi huku Adu. Nilipozuru magofu ya Gede niliona mawe ya matumbawe yamepiga weusi. Kuna mtu anayeondoa kutu ya vyuma kwa mashine ya leza. Je, haiwezi kuyasafisha?

JIBU: Fundi, leza husafisha mawe kweli. Mwanafizikia John Asmus aliijaribu Venice miaka ya 1970, na tangu hapo imerudishia sanamu nyingi za Ulaya weupe wake. Uchafu mweusi hufyonza mwanga, ukapata joto ghafla na kubanduka. Jiwe jeupe huurudisha mwanga huo, likabaki salama.

Lakini weusi wa miji ya Ulaya aghalabu ni masizi. Gede iko msituni, penye kivuli na unyevu, na huko jiwe huvamiwa na mwani na kuvu vinavyojipenyeza hadi kwenye vitundu vya matumbawe. Ukichoma juu, vitaota tena maadamu maji yanaendelea kutiririka hapo.

Mashine ya kutu nayo naikataa kabisa. Nyingi hutoa mwali mfululizo, ilhali ya wahifadhi hupiga kwa sehemu chache za bilioni za sekunde, joto lisipate kuzama. Joto likizama litaliharibu jiwe: matumbawe ndiyo yale yale tunayochoma kupata chokaa!

Anza kwa kurekebisha njia ya maji yanayotiririka, kisha brashi laini, na ujaribu kwanza pembeni, padogo kama ukucha. Gede ni Urithi wa Dunia tangu 2024, kwa hiyo hata brashi hiyo inahitaji idhini ya Makavazi ya Taifa.