Nguzo Ishirini kwa Kila Mstari: Somo la Kufuma Shono Refu la Krosheti

Katika sebule nyingi za Tanzania, mgeni akikaribishwa kuketi hukuta kochi limetandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Kitambaa hicho ni pambo, lakini pia ni bidhaa. Wapo akina mama na vijana wanaolipa ada za shule kwa fedha za vitambaa, kofia za watoto na mashuka ya kufuma. Wapo pia walioanza kazi hiyo kwa matumaini makubwa wakaiacha baada ya miezi michache, kwa sababu kazi zao zilirudishwa na wateja.

Mara nyingi kinachorudisha kazi hizo ni vipimo, wala si ubaya wa rangi au uzi. Seti ya makochi ya watu saba huhitaji vitambaa saba vinavyolingana. Kimoja kikianza na upana wa sentimita 50 na kumalizika na sentimita 42, mteja huiona kasoro hiyo kabla hajauliza bei. Kwa kikundi kilichonunua uzi kwa fedha ya mkopo, kitambaa kimoja kilichopinda ni hasara inayogawanywa kwa wanachama wote, na siku ya marejesho haisogei mbele kwa sababu hiyo.

Somo hili linahusu shono moja tu, lile refu la msingi, ambalo hapa litaitwa nguzo kwa kuwa husimama wima katika kitambaa. Anayelimudu ana ufunguo wa vitambaa, kofia, shali na mashuka ya watoto. Ni shono linalokwenda haraka kuliko lile fupi, kwa kuwa kila mstari huongeza kimo kikubwa zaidi, na kitambaa chake hulainika na kuning'inia vizuri.

Vifaa vya kuanzia

Mwanafunzi anahitaji sindano ya krosheti, yaani ile yenye kulabu nchani, ya ukubwa wa milimita 4 au 5. Ukubwa huo kwa kawaida huandikwa kwenye mpini. Anahitaji pia uzi wa unene wa kati, mkasi, rula au futi ya fundi cherehani, na sindano ya kushonea yenye tundu pana kwa ajili ya kuficha ncha za uzi.

Uzi wa kujifunzia uwe wa rangi nyepesi. Uzi mweusi au wa buluu iliyokolea huficha vitanzi, na anayeanza hushindwa kuona mahali pa kuchoma sindano. Uzi wenye manyoya mengi nao uepukwe, kwa kuwa hunasa wakati wa kufumua.

Mnyororo wa mwanzo

Kazi yote husimama juu ya mnyororo. Fundi hufunga kitanzi kinachotelezeka, hukivisha kwenye sindano, huzungusha uzi juu ya kulabu na kuuvuta kupitia kitanzi hicho. Hapo amepata pingili moja. Hurudia hivyo hadi atimize idadi anayoitaka. Kitanzi kilichopo kwenye sindano hakihesabiwi kamwe.

Kwa zoezi hili zinahitajika pingili 22. Hesabu yake ni rahisi: mstari utakuwa na nguzo 20, na idadi ya pingili ni idadi ya nguzo ukiongeza 2. Sababu ya nyongeza hiyo itaonekana katika hatua inayofuata.

Pingili zisikazwe mno. Mnyororo uliokazwa huvuta ukingo wa chini, na kitambaa hupanuka kadiri kinavyopanda, mfano wa sketi iliyofungwa kiunoni. Mwenye mkono mkali anaweza kufuma mnyororo kwa sindano kubwa kidogo, kisha akarudi kwenye sindano yake ya kawaida.

Hatua za kufuma nguzo moja

Pingili tatu zilizo karibu zaidi na sindano hurukwa. Hizo zikisimama pamoja hulingana na kimo cha nguzo moja, na ndizo zitakazohesabiwa kuwa nguzo ya kwanza ya mstari. Baada ya hapo hatua ni hizi:

1. Zungusha uzi mara moja juu ya sindano kabla ya kuchoma popote. Mzunguko huu ndio unaoipa nguzo urefu wake. Ukisahaulika, hutoka shono fupi.

2. Choma sindano katika pingili ya nne kutoka kwenye kulabu. Zungusha uzi tena, uuvute utoke upande wa mbele. Sasa sindano ina vitanzi vitatu. Kama ni viwili, hatua ya kwanza ilirukwa.

3. Zungusha uzi, uupitishe katika vitanzi viwili vya mwanzo. Vinabaki vitanzi viwili.

4. Zungusha uzi mara ya mwisho, uupitishe katika vitanzi hivyo viwili. Kinabaki kitanzi kimoja, na nguzo imekamilika.

Kwa hiyo hesabu ya kukumbuka ni tatu, viwili, kimoja. Wanaoanza hufaidika wakiitamka kwa sauti hadi mikono iizoee. Mwanafunzi aendelee kufuma nguzo moja katika kila pingili. Akifika mwisho atakuwa na nguzo 19 alizozifuma na ile moja iliyotokana na pingili tatu za mwanzo, jumla 20.

Anayetumia mkono wa kushoto hufuata hatua hizo hizo, ila kazi yake huelekea upande wa pili. Hana haja ya kulazimishwa mkono wa kulia.

Mstari wa pili, mahali makosa yanapozaliwa

Baada ya mstari wa kwanza, kitambaa hugeuzwa na pingili tatu hufumwa ili kupanda. Hizo nazo huhesabiwa kuwa nguzo ya kwanza. Kwa kuwa nafasi ya kwanza imekwisha kupata nguzo yake, sindano hairudi kuchoma hapo. Huchoma juu ya nguzo ya pili, chini ya nyuzi zote mbili zinazofanana na msuko wa nywele.

Nguzo ya mwisho ya mstari hufumwa juu kabisa ya zile pingili tatu za mstari uliotangulia. Mahali hapa ni padogo na hapajitokezi vizuri, hivyo wengi hupapita. Kila wanapopapita hupoteza nguzo moja. Mstari wa 20 huwa 19, kisha 18, na kitambaa huchongoka kuelekea juu bila mfumaji kutambua.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mfumaji hupanda kwa pingili tatu, kisha huchoma tena katika nafasi ile ile ya kwanza. Nguzo huongezeka kila mstari, na kitambaa hupanuka.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja: kuhesabu kila mwisho wa mstari. Ikiwa nguzo si 20, kazi isiendelee. Krosheti ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Ukichomoa sindano na kuvuta uzi, mstari hufumuka wote bila kuharibu ulio chini yake. Kufumua mstari mmoja ni kazi ya muda mfupi, ilhali kitambaa kizima kilichopinda hakina marekebisho.

Zoezi la kwanza ni mistari 10 yenye nguzo 20 kila mmoja, yaani nguzo 200. Kipande cha kwanza huenda kikawa na mawimbi. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kipande hicho kihifadhiwe, ili mwanafunzi akilinganishe na cha tano.

Mikono mingi, kipimo kimoja

Kikundi kinachogawana oda moja hukabiliwa na tatizo ambalo mfumaji wa peke yake halijui. Watu wawili wakitumia uzi na sindano za aina moja, na idadi ile ile ya nguzo, vipande vyao vinaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa, kwa kuwa mmoja hukaza uzi na mwingine huulegeza.

Kabla ya kugawana kazi, kila mwanachama afume kipande cha majaribio. Kipande kifuliwe, kikaushwe, kisha zihesabiwe nguzo zilizomo katika sentimita 10 katikati ya kitambaa, mbali na kingo. Kipimo kichukuliwe baada ya kufua kwa sababu uzi wa pamba unaweza kunywea.

Tuseme kikundi kimekubaliana juu ya nguzo 16 kwa sentimita 10. Kitambaa cha sentimita 50 kitahitaji nguzo 80, na mnyororo wake utakuwa na pingili 82. Mwanachama aliyepata nguzo 18 anakaza mno; abadili sindano iwe kubwa zaidi. Aliyepata 14 achukue ndogo zaidi. Hakuna haja ya kumkosoa mtu mkono wake wakati sindano inaweza kurekebisha tofauti hiyo.

Uzi wa oda nzima ununuliwe kwa pamoja. Lebo ya uzi kwa kawaida huonyesha namba ya rangi na namba ya awamu uliyotiwa rangi. Uzi wa rangi moja kutoka awamu mbili unaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana wazi vitambaa vikitandikwa pamoja. Mteja naye aelezwe namna ya kutunza: uzi wa akriliki haupigwi pasi ya moto, kwani huyeyuka na kupoteza umbo.

Kusoma maelezo yatokayo nje

Wafumaji wengi hujiongezea ujuzi kwa vitabu na video za simu. Wafahamu kwamba Uingereza na Marekani hutumia majina tofauti. Nguzo iliyofundishwa hapa huandikwa "dc" katika maelezo ya Kimarekani na "tr" katika ya Kiingereza cha Uingereza, ambako "dc" ni shono fupi. Anayechanganya mifumo hiyo hupata kofia isiyoingia kichwani. Ishara ya kuangalia ni "sc": maelezo yenye kifupisho hicho yameandikwa kwa mfumo wa Marekani.

Kutoka zoezi hadi kipato

Krosheti ina historia ya kuzisaidia kaya wakati wa dhiki. Huko Ireland, wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kushambuliwa na ugonjwa, wanawake na wasichana walifundishwa kufuma lesi za krosheti na kuziuza, na mauzo hayo yalizisaidia familia nyingi kupata chakula. Walifundishwa pamoja, na kazi zao zilinunuliwa kwa kuwa zilikuwa safi.

Wakazi wanaotaka kuifanya kazi hii kibiashara wanashauriwa kuanza kwa kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao, ambaye huelekeza namna ya kuunda na kusajili kikundi. Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, nalo hutoa mafunzo ya ujasiriamali kupitia ofisi zake za mikoa.

Hata hivyo, ombi la mkopo lenye nguvu huambatana na bidhaa inayoonekana. Kabla ya kujaza fomu, kikundi kifume seti moja kamili, kiandike gharama ya uzi, nauli na saa zilizotumika, kisha kipange bei kwa kuzingatia vyote vitatu. Vitambaa hivyo vipangwe kimoja juu ya kingine mezani. Kingo zake zikilingana kuanzia cha chini hadi cha juu, kikundi kiko tayari kupokea oda.