Bibi yake mama hayumo kwenye majalada

Shangazi, mimi ni mama wa makamo, naishi Dar es Salaam, lakini kwa upande wa mama asili yetu ni Ng'ambo, Unguja. Bibi yake mama aliitwa Zafarani. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, amekula chumvi nyingi. Kilichobaki ni picha yake moja na nyumba ambayo wajomba wanaigombania hadi leo. Baba yake hatumjui, na kwao hatukujui. Mwaka jana nilikwenda kwenye ofisi ya nyaraka Unguja nikaomba niangaliziwe jina lake, nikaambiwa hayumo. Nikamuuliza mama mkubwa kwa simu, maana ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka. Akaniambia nikome kufukua makaburi, na tangu siku ile hapokei simu zangu. Upande mmoja wa familia wanasema tumetoka Hijazi. Upande wa pili wananong'ona neno ambalo sithubutu kuliandika. Niache, Shangazi?

Mjukuu, Dar es Salaam

Usiache, mwanangu. Na hilo neno nitaliandika mimi ili tuelewane: mtumwa.

Sisemi kwamba bibi alikuwa mtumwa. Nasema tu kwamba mwanamke wa Ng'ambo aliyezaliwa, kwa kukadiria, karibu na 1880, asiyejulikana baba wala kwao, tena mwenye jina la kiungo, lazima umtafute pia upande huo. Zafarani, Yasmini, Tausi, Feruzi: majina ya namna hii mabwana walipenda kuwapa watu waliowanunua. Waungwana nao waliyatumia mara mojamoja, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi.

Karani uliyemkuta alitafuta "Zafarani", hakuona, akafunga kitabu. Simlaumu, ndivyo ulivyomwomba. Ila utumwa wa Unguja haukwisha kwa siku moja wala kwa orodha moja. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru. Akienda, jina lake linaandikwa na bwana wake anaweza kulipwa fidia. Asipokwenda, hakuna aliyemfuata. Masuria waliwekwa kando kabisa: suria hakuweza kudai uhuru wake kama mtumwa mwingine, ila athibitishe kwamba anateswa, na hali hiyo iliendelea mpaka sheria ya 1909. Wanawake wengi basi walitoka utumwani bila karani yeyote kunyanyua kalamu. Bibi yako kutoonekana kwenye orodha za uhuru hakuonyeshi kwamba alizaliwa muungwana, wala hakuonyeshi kwamba hakuwapo.

Kisha kuna kubadili majina. Siti binti Saad, yule wa taarabu aliyefariki 1950, alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa. Ukimtafuta Siti kwenye karatasi za utoto wake hutampata hata ukeshe. Wanawake wa kizazi kile waliobadili majina ni wengi, na mara nyingi jina la nyumbani na la kwenye hati hayakufanana. Tena huyo Zafarani, akiandikwa na kadhi kwa Kiarabu kisha mtu wa ofisi ya Kiingereza akamnakili kwa masikio yake, atatokea Zafran, Saffrani au Zaafaran. Ubini wake unaweza kuwa "binti Abdallah", jina walilopewa wengi wasio na baba wa kutajwa. Au asitajwe baba kabisa, aandikwe tu kuwa ni huru wa fulani. Ukikutana na "huru wa", nakili jina linalofuata herufi kwa herufi, kwa sababu hiyo ndiyo familia ya bwana wake, utakayoifuata kwenye majalada mengine.

Maana yangu ni hii: acha kumtafuta yeye, tafuta mali iliyopita mikononi mwake. Kwenye karatasi za zama zile mwanamke maskini huonekana pale tu penye kitu cha kugombaniwa, na wewe umesema mwenyewe kwamba nyumba inagombaniwa. Umeitaja kama kero, lakini kwangu ndiyo habari njema kuliko zote zilizomo kwenye barua yako.

Ng'ambo, watu wengi walijenga mabanda yao juu ya ardhi ya matajiri au ya wakfu, na ndiyo sababu mgomo wa kodi ya ardhi wa 1928 ulizuka huko. Kwa hiyo uliza kwanza: banda lilikuwa la bibi, je, kiwanja kilikuwa cha nani? Kama kilikuwa cha wakfu, nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Walikuwapo matajiri walioweka wakfu shamba au nyumba kwa ajili ya watu waliowaacha huru na vizazi vyao, na hati za namna hiyo huweza kutaja watu kwa majina. Baada ya hapo rudi Kilimani kwenye nyaraka, na safari hii omba majalada ya mirathi ya mwanzo wa miaka ya 1950. Kwa fiqhi ya Kishafii, aliyemwacha mtu huru, au warithi wake wa kiume, wana haki ya kuchukua kinachobaki katika mirathi pale marehemu asipoacha mrithi wa nasaba wa kukimaliza. Kama Zafarani aliacha binti tu, ukoo wa bwana wake ungeweza kujitokeza kudai kilichobaki. Wakijitokeza wataeleza wanamdai kwa haki gani, na hapo ndipo karatasi itakuambia alikuwa nani.

Hadithi ya Hijazi usiikebehi; kudai asili nyingine hakukuanzia kwenu. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 waliojiandikisha Waswahili walipungua mno Unguja na Pemba, wakaongezeka Wahadimu na Washirazi. Hawakuhama, walibadili jibu walipoulizwa kabila. Wazee wako huenda walifanya hivyo kwa sababu nzuri tu, ya kutaka watoto wao waheshimiwe.

Hiyo picha igeuze. Studio za Gomes na Coutinho zilipiga picha watu wengi mjini Unguja, na mhuri ulio nyuma hukusaidia kukadiria mwaka. Angalia na nguo. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa na mafukara, na baada ya 1897 wanawake walikimbilia kanga. Kama amevaa kanga yenye maandishi, tazama kama ni ya Kiarabu au ya Kirumi, maana yale ya Kiarabu ndiyo ya zamani zaidi.

Kuna njia moja nyingine, nayo naitaja tu. Kama mtu yeyote kwenu ana kumbukumbu ya Mbweni au Mkunazini, usisahau vitabu vya ubatizo vya wamishonari wa Kianglikana wa UMCA, ambao walilea wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa na kuwapa majina mapya. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua baadhi ya watu wa Mbweni akawapeleka Masasi. Huenda una ndugu huko na hujui.

Sasa mama mkubwa. Hapa ndipo ulipoharibu, mwanangu, na itabidi upatengeneze kabla hujapanda boti. Ulimuuliza kwa simu jambo ambalo mama yake pengine alimfundisha kulificha tangu anakua. Nenda kwake ana kwa ana, peleka zawadi, kaa siku mbili tatu bila kuuliza lolote. Neno mtumwa lisikutoke. Muulize Sikukuu bibi alikuwa akienda kwa nani kutoa mkono wa Idi, maana walioachwa huru wengi waliendelea kwenda nyumba zile zile za mabwana. Muulize somo yake alikuwa nani, unyago alichezwa wapi, na siku ya mazishi yake nani alileta sanda. Mwonyeshe picha, umwache aishike mwenyewe. Akinyamaza, nyamaza naye. Umri wake haukuruhusu kumsusia, na jalada lolote la Kilimani linaweza kungoja mwaka mwingine, yeye hawezi.

Ukipata jibu, lolote lile, wa kwanza kuambiwa ni mama mkubwa. Usilitupe kwenye kundi la familia la WhatsApp, na wala wajomba wasilipate kabla hujajua hati ya kiwanja inasema nini. Watalipeleka mahakamani kesho yake.

Nanyi wasomaji wenye masanduku ya bibi zenu chini ya vitanda: hati za zamani za Kiarabu msizichome kwa sababu hakuna anayeweza kuzisoma. Pelekeni kwa mwalimu wa madrasa au kwenye ofisi ya nyaraka, zisomwe kwanza.