Tusiwatoroke watoto, tuwasimulie

KILA ifikapo Januari hapa mjini kwetu Babati, asubuhi utawaona wazazi wamewashika mikono watoto wanaoanza darasa la kwanza. Wapo watoto wanaokwenda wakirukaruka. Wapo pia wanaokokotwa huku wakilia, na mzazi anasema: "Nyamaza, mwalimu atakuchapa!" Wengine hudanganywa kuwa wanapelekwa dukani kununuliwa biskuti, kisha safari inaishia mlangoni mwa darasa na mzazi anatoweka.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu, lakini nami nimewahi kufanya kosa hilo. Mama watoto alipokaribia kujifungua, nilimpeleka mwanetu wa miaka minne kwa bibi yake Kondoa. Sikumwambia kuwa atabaki. Nilisubiri alale mchana, nikatoka kimyakimya, nikapanda basi kurudi Babati. Nilipomfuata baada ya wiki tatu, hakunikimbilia. Kwa miezi kadhaa, kila nikivaa viatu alishika kanzu yangu na kuuliza: "Baba, unaenda wapi?" Hata nikitoka kwenda kuswali Adhuhuri. Niliyakwepa machozi ya dakika kumi, nikapoteza imani ya mwanangu.

Dini yetu imetuonya juu ya jambo hili. Amesimulia Abdullah bin Amir (r.a.) kuwa alipokuwa mdogo mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) alikuwapo nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamjulisha kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo (Abu Daud). Basi mzazi anayemwambia mtoto "twende dukani" ajipime hapo.

Sasa tufanye nini? Njia ipo, nayo ni kusimulia. Katika Surat Hud (11:120), Allah (s.w.) anamweleza Mtume wake kuwa anamsimulia habari za Mitume waliotangulia ili kuuthibitisha moyo wake. Ikiwa moyo wa mbora wa viumbe ulithibitishwa kwa visa, vipi moyo wa mtoto wa miaka sita?

Aidha, Mtume (s.a.w.) alijua kuzungumza na mtoto juu ya jambo la mtoto mwenyewe. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea. Mtume alimwita kwa jina hilo la heshima na kumuuliza habari za yule ndege. Hakumpa mawaidha marefu. Alianzia pale ulipokuwa moyo wa mtoto.

Walimu wa zama zetu nao wameliona hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, alianza kuwaandikia wanafunzi wenye usonji visa vifupi vinavyoeleza hatua kwa hatua jambo litakalomkuta mtoto. Moja ya kanuni zake ni kwamba maneno ya kueleza yawe mengi kuliko maneno ya kuamrisha. Baadaye njia hiyo ilitumiwa na kwa watoto wengine.

Mwanangu alipokaribia kuanza darasa la kwanza, nilijaribu. Kwa usiku saba, baada ya Isha, nilimsimulia kisa kimoja, na aliyetajwa ndani yake ni yeye kwa jina lake. Kilikuwa hivi:

Jumatatu, Fulani ataamka na kuvaa sare yake mpya. Atashikana mkono na baba mpaka shuleni. Darasani atakuta watoto wengi asiowajua. Huenda moyo ukamdunda, huenda akatamani kulia. Watoto wengi huwa hivyo siku ya kwanza. Mwalimu ataita majina, na likiitwa la kwake ataitika. Wakati wa mapumziko atakula muhogo aliofungiwa na mama. Kengele ya mwisho ikilia, baba atakuwa amesimama chini ya mti ulio karibu na geti. Watarudi nyumbani, na Fulani atamsimulia mdogo wake yote aliyoyaona.

Usiku wa tatu nilikosea nikasema nitasimama getini. Akanikatiza: "Hapana baba, chini ya mti!" Hapo nikajua kisa kimemwingia.

Siku yenyewe alilia kidogo, kisha akaingia. Lakini kisa kile kilinibana mimi kuliko yeye. Mchana nilikuwa kikaoni, nikaomba ruhusa nikaondoka kwa haraka, kwa sababu nilikuwa nimeahidi mti. Kengele ilipolia alitoka, akautazama mti kwanza, kisha akanitazama mimi.

Kwa hiyo mzazi azingatie haya. Tumia jina la mtoto, na njia na watu anaowajua. Itaje hofu yake bila kumcheka. Mweleze nani atamrudia na wapi. Usiahidi usichokiweza. Rudia kisa kilekile, kisha mwache akusimulie yeye.

Yapo mabadiliko yasiyotoa taarifa. Tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh, hapa mkoani kwetu, na familia zikapoteza wapendwa na makazi asubuhi moja. Hapo kisa huja baada ya tukio, nacho lazima kiwe kweli. Mtoto aliyefiwa asiambiwe kuwa mama amesafiri, kwani atakaa mlangoni akimsubiri. Aambiwe kwa upole kuwa mama amefariki, amerejea kwa Mola wake, sisi tunamuombea dua, na wewe utalala kwa shangazi, chakula utapewa na fulani, shule utapelekwa na fulani.

Ndugu zangu, watoto ni amana. Usiku huu, kabla mwanao hajalala, msimulie kesho yake. Kisha kesho ikifika, uwepo pale ulipomwambia utakuwepo.

Allah atujaalie tuwe wakweli kwa watoto wetu. Amin.