Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Kumtembeza Mgeni kwa Mafundi



Somo la leo ni la wanaosuka vyondo, wanaochonga, wanaofinyanga vyungu, na wale wanaokaa karibu na mlima au mwamba ambao wageni huja kuuona. Mmoja wenu asome kwa sauti. Mkifika penye swali, simameni mjadili kwanza. Likiwa refu, lifanyeni kwa siku mbili.

Swali letu ni hili: mgeni akija kijijini kuona kazi ya mikono yetu, nani amtembeze? Na akishaondoka, tunabaki na nini?

Jibu letu tunalitoa mapema. Yule anayemtembeza mgeni ndiye anayeamua pesa zitashuka wapi na habari gani itabebwa kwenda nje. Kikundi kisipokuwa na mwongoza wageni wake, kitajikuta kimeongozwa na wa mtu mwingine.

1. JE, KIZURI HUJIUZA CHENYEWE?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini akina mama wetu wanajua kwamba kyondo kizuri kinaweza kuning'inia msumarini mpaka kijae vumbi, na mwenzake kule mjini anachukuliwa kwa bei mara tatu. Mara nyingi tofauti iko kwenye habari. Mgeni aliyemwona mama akisokota uzi wa mkonge juu ya paja, akaambiwa kazi hiyo ni ya siku ngapi, hatasema tena ati kikapu ni ghali.

Kuna safari nyingine ambayo wengi tumeiona. Gari linatoka mjini, linasimama penye duka la barabarani, wageni wanapewa dakika kumi na tano, wananunua, wanaondoka. Dereva anapewa kitu kidogo na mwenye duka. Aliyechonga yuko mbali, wala hajui kama kazi yake imeuzwa. Hatusemi dereva ni mtu mbaya. Naye anatafuta unga wa watoto. Tunasema tu kwamba safari hiyo aliipanga yeye, kwa hiyo inamfaa yeye.

Jadilini: Je, hapa kwenu wageni husimama wapi? Nani aliyechagua wasimame hapo?

2. KILIMA CHA WASANII NCHINI UFARANSA

Jambo likiwa karibu sana na macho halionekani vizuri. Kwa hiyo tutazame kwanza mahali pa mbali. Katika jiji la Paris kuna kilima kinachoitwa Montmartre. Zamani kilikuwa kijiji cha vinu vya upepo, mizabibu na machimbo ya jasi, kisha kikaunganishwa na jiji mwaka 1860. Kodi ya nyumba huko juu ilikuwa nafuu, na wachoraji wasio na kitu wakapanda kwenda kuishi huko. Renoir alifanyia kazi huko mwaka 1876. Mwaka 1904 alifika kijana kutoka Hispania, Pablo Picasso, akapanga katika jengo bovu lililogawanywa vyumba vya wasanii. Humo ndimo alimochora, mwaka 1907, picha moja ambayo wataalamu huihesabu kuwa mwanzo wa uchoraji wa namna mpya.

Basi sifa zikaenea. Watu wakamiminika, maisha yakawa ghali, na wasanii wengi wakahamia mitaa mingine. Leo mgeni anayepanda peke yake hufika kwenye uwanja mmoja uliojaa meza za mikahawa na wachoraji wanaochora sura za wapita njia. Wachoraji hao hukaa hapo kwa kibali cha jiji. Mgeni hununua picha, hushuka, anadhani amekiona kilima.

Mgeni anayetembezwa na mwenyeji huona mengine. Hupitishwa vichochoro vya nyuma, akaonyeshwa nyumba walimokaa wachoraji, vinu vilivyobaki, na shamba dogo la mizabibu katikati ya majumba. Shamba hilo lina kisa chake. Wakazi walipoona ardhi ile inataka kujengwa, waliipigania, na mwaka 1933 ikapandwa mizabibu. Mpaka sasa huvunwa kila mwaka, na mapato ya divai yake husaidia wenye shida katika mtaa.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, sifa ikija bila mpango humfukuza fundi aliyeileta. Pili, wakazi wakishikana wanaweza kuokoa kitu, na kisa cha kukiokoa huwa ndicho mgeni anachokwenda nacho nyumbani.

3. WAMUNYU, JIRANI ZETU

Turudi kwetu. Wamunyu iko Kaunti ya Machakos, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, na wengi wenu hupita hapo kwa matatu bila kushuka. Wakamba walichonga tangu zamani: viti vya wazee vya miguu mitatu, miiko, na vyombo vya kutilia tumbaku. Lakini kazi ya kuchonga vinyago vya kuuza ilianza na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ile ya 1914 mpaka 1918, akajifunza kwa mafundi wa huko. Aliporudi alianza kuchonga nyumbani. Jamaa na majirani wakajifunza kwake, nao wakafundisha wengine. Kufikia miaka ya 1950 vinyago vya Wakamba vilikuwa vikisafirishwa ng'ambo.

Mafundi waliohamia Mombasa walianzisha chama cha ushirika, Changamwe, mwaka 1963. Wamunyu nako kuna ushirika wake. Utaratibu wa Changamwe unafaa kuigwa hata na kikundi cha watu kumi: kila mwanachama ana nambari, na nambari hiyo hubandikwa kwenye kazi yake. Kitu kikinunuliwa inajulikana ni cha nani. Ushirika hukata sehemu yake na fundi hupata yake. Hakuna kuulizana.

Sasa fikirini mmemleta mgeni mahali kama hapo. Mkimwingiza dukani kwanza ataona safu za twiga na vifaru, ataanza kupunguza bei. Mwongoza wageni mwenyeji huanza na gogo. Huonyesha shoka likitoa umbo la kwanza, kisha tezo, ile tunayoiita ngomo, ikitoa shingo na miguu, kisha kisu, kisha msasa, na mwisho kung'arisha. Kila mahali huomba ruhusa kwa fundi, humtaja kwa jina, na humwacha aseme mwenyewe. Duka huwa mwisho. Mgeni akifika hapo, tayari anamjua mtu aliyekifanya kile anachokishika.

Jadilini: Kazi yenu ina hatua ngapi? Zipangeni tangu mwanzo mpaka kwisha, na kila hatua mtaje ni nani angeionyesha.

4. SWALI AMBALO MGENI ATAULIZA

Mgeni makini atauliza: miti hii inatoka wapi? Mwongoza wageni asimdanganye. Mpingo wa kuchongea ulipungua zamani karibu na Wamunyu, mafundi wakageukia muhugu na miti mingine ya mbali. Muhugu huchukua miaka mia hivi au zaidi kufikia unene wa kuchongwa, na hukatwa kwa siku moja. Makisio ya miaka ya 1990 yalisema wachongaji wa Kenya walikuwa kama 60,000, na kwamba kazi yao ilikuwa ikila zaidi ya miti 50,000 kila mwaka. Mtu wa shamba ataelewa hesabu hiyo bila kufundishwa: ukivuna usichopanda, ghala litakwisha.

Ndiyo sababu tangu miaka hiyo wachongaji wamehimizwa kutumia miti inayokua haraka na inayopandwa mashambani: mwarobaini, mwembe uliozeeka, jakaranda na mgrevilea. Miti hii haina sifa ya mpingo, na isipokaushwa vizuri hupasuka. Lakini mwarobaini na mwembe tunao hapa Kitui na Makueni. Mwongoza wageni anayeweza kusema "kinyago hiki ni cha mwembe uliokuwa umeacha kuzaa, na mahali pake tumepanda mingine miwili," akaionyesha hiyo miwili, amemaliza maneno. Asiyeweza kuionyesha asiseme.

Na kabla ya kukata au kusafirisha mti wowote, ulizeni ofisi ya misitu kuhusu kibali. Msije mkaingia hasara.

5. MLIMA WENU NA KIKUNDI CHENU

Huenda mtasema, sisi hatuna Montmartre. Lakini mnavyo vyenu. Mwamba wa Nzambani uko karibu na mji wa Kitui, na wageni huupanda. Watu husimulia kwamba ukiuzunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Makueni kuna Nzaui, ambako wazee husimulia kwamba Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza juu ya mwamba. Kuna vilima vya Mbooni, vinavyotajwa sana katika historia ya Wakamba kabla ya wengine kuvuka Athi kwenda Kitui. Mgeni akipanda, akapiga picha, akashuka na kuingia garini, kijiji kimeambulia vumbi la magurudumu. Je, akishuka apitie kwa msukaji, kwa mfinyanzi, kwa mzee wa hadithi?

Fuateni hatua hizi:

(a) Tembeeni ninyi wenyewe kwanza. Pimeni muda. Ziara ya saa mbili au tatu inatosha. Jua letu mnalijua.

(b) Chagueni vituo visivyozidi vitano. Kila mwenye boma akubali kwa hiari. Nyumba yenye mgonjwa au matanga ipitwe.

(c) Chagueni waongoza wageni wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kusikiliza. Kijana aliyesoma atasaidia kwa lugha, lakini akae kwanza na wazee. Hadithi ya mlima isimuliwe kama hadithi, na historia isemwe kama historia. Asichokijua aseme hakijui.

(d) Wekeni masharti: picha kwa ruhusa, watoto wasiombe wala wasipewe pesa njiani, bei iandikwe, na mtu asivutwe nguo ati anunue.

(e) Ulizeni ofisi ya utalii ya kaunti kuhusu leseni ya mwongoza wageni, na mzungumze na mwenye ardhi au wanaosimamia mwamba. Msianze kwa ugomvi.

6. HESABU IWE WAZI

Kikundi huvunjika kwa pesa kidogo kuliko kwa pesa nyingi. Tuchukue mfano tu. Wageni sita wamelipa shilingi 500 kila mmoja, jumla 3,000. Mwongoza wageni apate 1,000. Maboma matatu yaliyofungua milango, 300 kila moja, ni 900. Mzee wa hadithi 400. Chai 300. Sanduku la kikundi 400. Jumla ni 3,000 kamili. Kazi itakayouzwa siku hiyo ni pesa ya mwenyewe, baada ya kukatwa sehemu mliyokubaliana. Mweka hazina aandike siku ile ile, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Angalieni kwamba boma lilipata kitu hata kama mgeni hakununua. Kuonyesha kazi ni kazi. Msipolipia hilo, mama ataanza kuona wageni ni usumbufu, na atakuwa na haki. Tena maboma yapeane zamu kama tunavyofanya kwenye mwethya, isije nyumba ya mwenyekiti ikawa kituo kila wiki.

Pia msiache mashamba mkingojea magari. Wageni wana misimu yao, na ikitokea habari mbaya nchini hawaji kabisa. Kazi hii ni ya kuongezea.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni kazi gani ya mikono hapa kwetu ambayo bado ina wazee wanaoijua, na vijana wangapi wanajifunza?

2. Kama mlima wetu ungepata sifa leo, nani angefukuzwa? Tungefanya nini mapema?

3. Mali tunayotumia, iwe mti, mkonge au udongo, tunaipanda au tunaitunza wapi?

4. Tumchague nani kuwa mwongoza wageni, na kwa nini?

5. Tuelewane bei gani ya ziara, na igawanywe vipi?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wanne wapite njia mliyoichagua pamoja na mzee mmoja na kijana mmoja. Mzee aseme, kijana aandike. Mkikutana, yasomwe yote kwa sauti, na wanaojua zaidi wasahihishe. Karatasi hiyo ndiyo mali ya kwanza ya kazi hii, na haigharimu hata shilingi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili apone, mwenyeji awe ndiye anayetangulia njiani.