Kikorea cha Foleni ya Chakula

Ukiitwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kwenda kutumikia Korea Kusini, na ukapangiwa kituo cha mafunzo cha Provo, Utah, utapewa takribani wiki tisa za Kikorea kabla ya kupanda ndege, na mwanzo wake huwa nyumbani kwa njia ya intaneti. Muda huo ni mfupi na ratiba imebana: kuamka saa 12:30 asubuhi, taa kuzimwa saa 4:30 usiku, na katikati ni darasa, kujisomea, mazoezi ya mwili, kisha darasa tena. Anayetegemea darasa peke yake huondoka na sarufi nzuri iliyokaa daftarini. Kuongea hupatikana kwenye foleni ya chakula, chumba cha kufulia na njia ya kurudi bwenini.

Herufi zimalize kabla hujafunga sanduku. Hangul ina konsonanti 14 na irabu 10 za msingi, na zilipotangazwa mwaka 1446, msomi Jeong In-ji alidai kwamba mwerevu atazijua kabla asubuhi haijaisha, na mzito kwa siku kumi. Jipe siku tatu, usijipime na mtu. Baada ya hapo achana kabisa na Kikorea kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. (Mimi nazitumia hapa kwa ajili ya msomaji, wewe huna udhuru huo.)

Sauti ndizo zinazosumbua. Bul ni moto, pul ni majani, ppul ni pembe, na sikio geni husikia neno moja. Weka kiganja mbele ya mdomo: pul hurusha pumzi ya wazi, bul kidogo tu, ppul hairushi kitu na koo hukaza. Mtu wa Mombasa au Lamu anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu ameshafika nusu ya njia. Wa bara afanye zoezi la kiganja kila asubuhi akipiga mswaki.

Muundo wa kitenzi usikutishe. Wenzako waliokulia kwenye Kiingereza watalalamika kwamba neno moja la Kikorea limebeba sentensi nzima. Wewe umekua ukisema “hatukuwaandikia” bila kuhema. Tofauti ni upande wa kupakia mzigo. Sisi tunapachika mengi mbele ya mzizi, Wakorea huyapachika nyuma, na kitenzi chenyewe husubiri mwisho wa sentensi. Katika gasyeotseumnikka kwenda kunatangulia, kisha heshima, kisha wakati uliopita, mwisho swali. Kwa hiyo usimkatize msemaji. Kama anakubali au anakataa, utajua pale anapomaliza.

Kwenye hesabu nitakaa kidogo, maana hapa Mswahili hujikwaa mara mbili. Wakorea wana hesabu za aina mbili, za asili (hana, dul, set) na zenye chimbuko la Kichina (il, i, sam). Hilo lisikushangaze sana: sisi wenyewe huhesabu moja hadi tano Kibantu, sita na saba tukahamia Kiarabu, nane tukarudi nyumbani, tisa tukaondoka tena. Shida ni kwamba Kikorea huzitumia zote mbili katika jambo moja. Saa hutajwa kwa hesabu ya asili, dakika kwa ile nyingine: se si samsip bun. Hapo ndipo mtego wa pili unapofunga, kwa sababu “se” ni tatu na kichwa chako kinakimbilia saa tatu asubuhi, kumbe umeambiwa saa tisa na nusu alasiri. Dawa ni kutopitia Kiswahili kabisa. Kila unapotazama saa kwenye korido, itaje kwa Kikorea, kwa sauti, hata kama hakuna aliyeuliza. Sura na aya za maandiko hutumia hesabu ya Kichina, hivyo Yohana 3:16 ni sam jang simnyuk jeol. Jizoeze kutaja kila aya unayosoma.

Kanuni inasema usiwe peke yako. Utakuwa na mwenza mchana na usiku. Wengi huiona adha. Ichukue kama mwalimu asiyelipwa, hata akiwa dhaifu kama wewe. Kubalianeni mahali ambapo ni Kikorea tu, tena mahali padogo: foleni ya chakula hadi mnapokaa mezani, basi. Agano la kuongea Kikorea siku nzima huvunjika kabla ya chakula cha mchana, na baada ya hapo hamtalirudia. Katika foleni hiyo, pokea na kutoa vitu kwa mikono miwili na uiname kidogo kwa kila mwalimu. Aliyelelewa kwa shikamoo mwili wake unajua la kufanya. Kinachobaki ni kuufunza ulimi ule usemi wa heshima unaoishia na -mnida. Usianze na Kikorea cha tamthilia. Usemi wa marafiki ukizoeleka mapema, utakutoka mbele ya mzee wa watu.

Maneno ya kwanza kuyakariri yawe ya kukuokoa ukikwama: jamkkanmanyo, yaani subiri kidogo, na cheoncheonhi malsseumhae juseyo, tafadhali sema polepole. Kisha beba daftari la mapengo. Kila unapotaka kusema kitu ukashindwa, kwa mfano “sabuni imeisha” au “mwenzangu anaumwa tumbo”, kiandike kwa Kiswahili na kesho yake umuulize mwalimu matatu, yasizidi. Wengi wa walimu hao walikuwa wamisionari Korea si zamani, nao wanajua ni neno gani hutumika na lipi limebaki vitabuni. Maneno ya dini yatakuja kwa mafungu ukishika mizizi. Gyo ya kufundisha imo katika gyohoe (kanisa), jonggyo (dini) na seongyosa (mmisionari), kama kitabu, katibu na maktaba walivyo ukoo mmoja kwetu. Mungu utamwita Hananim. Wakatoliki wa Korea husema Haneunim, nawe usijitie kuwasahihisha.

Ukitaka kisa cha kujizoeza kusimulia, chukua cha Kim Ho Jik, Mkorea aliyebatizwa Marekani mwaka 1951 alipokuwa akisomea lishe, akarudi kwao na baadaye akawa naibu waziri wa elimu. Waumini wengi utakaowakuta wanakijua, hivyo hata ukikosea kitenzi watakufuata.

Siku ya maandalizi, ambayo huja mara moja kwa wiki, ina kufua, kunyoa na kuwasiliana na nyumbani. Anza na kufua, maana mashine hugombewa. Tangu 2019 wamisionari huruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, na ushauri wangu, ambao mama zetu hawataupenda, ni kuweka kikomo cha muda kabla ya kupiga. Anayeongea hadi dakika ya mwisho hurudi darasani mwili ukiwa Utah na roho ikiwa Eldoret. Na usiku usisome kwa kuibia chini ya blanketi. Unachoongeza saa tano utakipoteza kesho ukisinzia.

Vijiti vya kulia jizoeze kwa maharage, ukikumbuka kwamba Wakorea hula wali kwa kijiko na kwamba vijiti havisimamishwi ndani ya bakuli la wali, kwa kuwa hufanana na tambiko la wafu. Viatu nunua vya kuvuliwa upesi, visivyo na kamba ndefu, kwa sababu utavivua katika kila nyumba utakayokaribishwa, na soksi zisiwe na matundu.